Chumvi ya Kuombea Safari

Kenfack akitaka kumwomba binti yake jembe, huvua kofia kwanza, halafu humwita Mama. Hafanyi mzaha. Binti mwenyewe hajafika hata miaka thelathini na mitano, na wazee wenye mvi kumpita baba yake nao humwita vivyo hivyo, wakiinamisha vichwa. Sidonie ndilo jina alilobatizwa, lakini siku hizi anayelitamka ni padri peke yake, tena akighafilika. Kwa wengine wote yeye ni Makamte. Na Makamte alikuwa bibi yake, mzaa baba, aliyekwisha kufa na kuzikwa.

Kabla hajawa bibi yake, Sidonie alikuwa mwanafunzi wa Kijerumani.

Alikianza sekondari, pale mwalimu anapowaambia watoto wachague, Kihispania au Kijerumani. Wengi hukimbilia Kihispania kwa kuwa ni chepesi na nyimbo zake zinachezeka. Yeye alichagua Kijerumani kwa ubishi tu, maana mvulana mmoja alisema hiyo si lugha ya wasichana. Ubishi ukageuka mapenzi. Alipofika chuoni Dschang alipanga chumba bondeni, akakijaza vikaratasi: mlangoni kabandika neno la Kijerumani la mlango, kwenye sufuria neno la sufuria, kwenye kioo maneno ya pua na masikio. Mwenye nyumba, mama mmoja asiyetaka utani, alidhani ni uchawi. Alimleta padri anyunyize maji. Padri alisoma vikaratasi vyote mpaka mwisho, akasema hapa hakuna shetani, kuna mtihani.

Lakini kusoma Kijerumani bila ufadhili ni kununua tandiko nawe huna punda. Hilo kila mtu chuoni alilijua. Wa sheria atakwenda mahakamani, wa kilimo atarudi shamba na vyeti vyake. Wa Kijerumani, asipopata wa kumpeleka Ujerumani, ataishia kufundisha watoto wa kidato cha tatu kusalimiana na watu ambao hawatawaona maishani. Kulikuwa na wafadhili waliochukua wanafunzi wachache wa lugha kila mwaka. Waliwapeleka Leipzig mwaka mzima, nauli juu yao, chumba juu yao, na posho ya kula. Aliyerudi huko alirudi na ulimi uliokomaa, na milango ya ukalimani ilimfungukia. Mara ya kwanza Sidonie aliomba akakosa. Mara ya pili aliitwa kwenye usaili, akatetemeka mpaka akasahau jina la mtaa wake. Mara ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho, maana waliomaliza hawaruhusiwi kuomba tena.

Safari hiyo hakutetemeka. Alikaa Yaoundé mbele ya mama wa Kijerumani mwenye miwani na bwana mmoja wa kwetu mwenye tai, ambaye kazi yake ilikuwa kuvizia makosa. Wakamuuliza kwa nini wampe yeye. Akawajibu kwamba kwao watu huzungumza na wafu wao kila wanapopatwa na jambo. Sasa, aliyezoea kusema na walio chini ya ardhi, atashindwaje kusema na walio ng'ambo ya bahari? Yule mama akacheka mpaka akavua miwani. Jina la Sidonie likatoka.

La Edwige lilitoka pia, ila kwenye akiba. Edwige ni mtoto wa mji wa Bafang, yeye na Sidonie walishirikiana chumba na sufuria. Wa akiba maana yake, wa mbele akijikwaa, yeye ndiye anayepanda.

"Sido, nakuombea uzima mchana na usiku," Edwige alimwambia wakila maharagwe na maandazi. "Lakini ukivunjika mguu, usinifiche."

Walicheka wote wawili. Wakati huo kilikuwa kichekesho.

Mama yake Sidonie anaitwa Odette. Ni mwanamke wa rozari shingoni na chumvi ya mababu chini ya kitanda, hakuna upande anaouachia. Binti alipompelekea habari, hakuruka wala hakupiga vigelegele. Aliuliza swali moja tu: umeshamwambia bibi yako? Sidonie akasema atampigia simu. Odette akamtazama kama mtu aliyeongea upuuzi kanisani.

Wajukuu wa Bibi Makamte wametapakaa kama mbegu za msufi. Kuna wa Douala, wa Gabon, wa Ufaransa, na kuna mmoja aliyevuka jangwa kwa miguu akatokea Italia akiwa na meno nusu. Hakuna hata mmoja aliyepanda mlimani kuaga. Walituma picha.

"Hao waliondoka kama mwizi anavyotoka shambani," Odette akasema. "Wewe utaondoka kama mtoto wa watu. Utapeleka chumvi, utapeleka mafuta ya mawese, utapeleka jogoo. Atie mikono kichwani kwako, ndipo upande hiyo ndege yako."

Chumvi aliifunga mwenyewe Odette kwenye jani la mgomba, kwa fundo lake la kuzungusha mara mbili na kuficha ncha.

Sidonie alipofika mlimani, Bibi Makamte alikuwa amekaa kizingitini pa nyumba ndogo, ile yanamotunzwa mafuvu ya mababu, akimenya magimbi. Macho yalikuwa yameingia ukungu lakini kisu hakikukosea. Akauliza ni nani huyo. Sidonie akasema ni yeye, wa Kenfack.

"Ah. Mimi nilidhani wajukuu wangu siku hizi wanakaa ndani ya simu."

Alipoambiwa habari ya safari aliuliza kama ni kuolewa. Sidonie akasema hapana, ni kusoma lugha. Lugha ya nani? Ya Wajerumani. Bibi akaendelea kumenya kwa muda.

"Hao walishakuja hapa wenyewe. Bibi yangu aliwabebea mizigo mpaka kucha zikang'oka. Lugha yao hawakuiacha?"

"Waliondoka nayo, Bibi."

"Wachoyo. Basi nenda kaichukue." Na akacheka kwa pua, na Sidonie akacheka naye, na moyo wake ukatua.

Kisha bibi akapokea kile kifurushi cha chumvi. Akakipima mkononi, akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi. Akauliza, bila kumtazama, "Nani kakutuma?"

Hapa ndipo lilipotoka lile neno. Kwetu mtu mwenye adabu hawezi kumpa mkubwa zawadi akasema ametumwa, ni kama kumwambia, ingekuwa hiari yangu usingeniona. Mtoto yeyote aliyelelewa angejibu alivyojibu Sidonie.

"Hakuna aliyenituma, Bibi. Nimekuja mwenyewe."

Bibi aliweka kisu chini. Alimshika mkono, wakaingia katika ile nyumba ndogo walimokuwa wakubwa kwenye vyungu vyao, akamwambia amwage mafuta yeye, anyunyize chumvi yeye. Sidonie akamwaga, akanyunyiza. Mkono haukutetemeka, maana alikwisha kuvuka pale Yaoundé palipokuwa na tai na miwani. Fuvu lingemtisha nini? Hakujua kwamba ukungu wa macho haukumzuia bibi kuutazama ule mkono.

Baadaye bibi akapasua tunda dogo jekundu, lile ambalo kwetu ni la kuombea amani, akatafuna mbegu zake, akamtemea taratibu kifuani na viganjani. Akamwombea: popote atakapokanyaga pawe laini, atakachokishika kisimponyoke, aende, arudi. Maneno mazuri yote aliyasema. Ila muda wote huo alikuwa amefumba macho, na Sidonie alidhani ni uzee.

Mwezi haukuisha, bibi akafa.

Alikufa vizuri, kama wanavyokufa waliochoka, akiwa kwenye mkeka wake. Viza ya Sidonie ilikuwa imeshagongwa na tiketi ilikuwa imeshatumwa. Alilia kwa dhati, maana alimpenda, na ndani ya kilio alihesabu kwamba mazishi yatakwisha na bado atawahi ndege. Begi lake lilikuwa limefungwa kwenye chumba cha mama yake, juu yake koti zito alilonunua kwa wauza mitumba.

Watu walikuja kama mvua ya Julai. Zikachinjwa mbuzi, ikapikwa kondre, ndizi zilizochemshwa na nyama, kwenye masufuria ya kutosha kuogeshea mtoto, vyama vya wanawake vikaja kila kimoja na sare yake na ngoma yake. Baada ya kaburi kufunikwa, watu walikaa uani kungoja kitu kimoja tu: nani ataketi mahali pa marehemu. Kwetu mtu mzima hafi akaacha kiti kitupu. Humnong'oneza shahidi jina, na shahidi hulitia tumboni mpaka siku hiyo. Mashahidi wa Bibi Makamte walikuwa wawili, Mzee Zebaze na Mama Manfouo, jirani yake wa miaka yote.

Wengi walimtazama Justine, shangazi yake Sidonie. Justine ndiye aliyemwogesha mama yake miaka ile ya mwisho. Alikuwa amesuka nywele upya, na chini ya nguo ya msiba alikuwa amevaa fulana ya zamani isiyo hasara, maana aliyechaguliwa hupakwa unga mwekundu kuanzia utosini na nguo haifai tena. Akakaa mbele.

Mzee Zebaze akainuka na jani mkononi, la mti ule ule wa tunda la amani. Alizunguka ule umati polepole, kama mtu aliyesahau alikoweka kiatu. Akampita Justine. Akawapita waliotoka Douala, ambao walijikunja wasionekane. Sidonie alikuwa nyuma kabisa akiosha vikombe. Alipohisi amekazwa kifundo cha mkono, alidhani mzee anateleza, akamshika ili asianguke.

Ndivyo alivyokamatwa, akimsaidia.

Vigelegele vilipoanza alisema si yeye, waulizeni tena. Unga mwekundu ulikuwa tayari unamwingia masikioni. Mama Manfouo, ambaye hakuwa akishangilia, alimsogelea akasema kwa sauti ya kila siku, "Alisema, yule aliyekuja mwenyewe."

Sidonie akamtafuta mama yake kwa macho. Odette alikuwa amesimama karibu na jiko, mikono kichwani, mdomo wazi. Watu wawili tu katika ua ule walijua.

"Sikuja mwenyewe," Sidonie akasema. "Mama ndiye aliyenituma. Nilimdanganya bibi."

Mzee Zebaze hakukasirika. Alimwangalia kama mtu aliyesikia neno hilo mara nyingi.

"Kila mtu hutumwa, mwanangu. Na wenzako walitumwa. Hawakuja."

Wakamvika kitambaa cha ndop, kile cha buluu cha wakubwa, wakamketisha kwenye kigoda cha marehemu. Wa kwanza kuja kupiga magoti alikuwa baba yake, kwa sababu ndiye kitinda mimba wa Makamte, na mdogo ndiye huanza. Kenfack alikuwa mtu wa kimya, mkulima wa kitunguu, aliyetembea na jina la Leipzig kwenye kikaratasi mfukoni ili awaonyeshe watu. Alipiga magoti kwenye matope. Akavua kofia.

"Mama," akasema, na akalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Aliyeketishwa hukaa ndani. Hatoki bomani, havuki barabara, hali chakula alichokipika mwenyewe, mpaka wiki zetu za siku nane zitimie na aogeshwe ule unga utoke. Ndege haikuwa na habari na wiki za siku nane.

Chakula alikuwa akimletea Justine. Aliweka sahani ya magimbi na mchuzi wa njano, akapiga goti, akasimama, akatoka. Siku moja Sidonie alimshika mkono. Akamwambia shangazi, kiti hiki kichukue wewe, wewe unakitaka, mimi sikitaki, nani ataumia? Justine akautoa mkono wake taratibu.

"Hiki si kikapu cha sokoni, Mama, kwamba kikikulemea unanitwika mimi." Kisha akasema, akiwa mlangoni, amempa mgongo: "Nilimwogesha. Nilimsafisha kila kitu. Siku zote alikuwa akiniuliza, nani kakutuma? Nikawa namwambia kweli. Nikamwambia, kaka zangu wamenituma."

Edwige alikuja na gari la shemeji yake, akaliacha chini barabarani. Alipomwona rafiki yake mwekundu kuanzia nywele mpaka nyayo, hakupata utani wowote mdomoni. Alikuwa amezungumza na ofisi ya wafadhili Yaoundé. Walikuwa wema. Walisema nafasi inaweza kusogezwa hadi muhula wa pili kama mwanafunzi ana sababu: ugonjwa, ajali, au mimba. Ugonjwa ulitosha. Karatasi ya daktari angeipata yeye Edwige, binamu yake ni muuguzi.

"Sema unaumwa, Sido. Ini, figo, chagua chochote. Niseme mimi kwa jina lako, wewe itikia tu ndiyo."

Huo ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Usidhani Edwige alitania. Angekosa safari yake mwenyewe, na bado alikuja kuufungua.

Odette alikuwepo. Tangu siku ile alikuwa hali vizuri, rozari ilimlegea shingoni. Lakini aliposikia hivyo alisimama. Alisema kwamba kinywa chenye unga mwekundu hakitamki ugonjwa. Aliyeketi akisema naumwa, hajisemei yeye, anausemea ukoo, na ugonjwa ukisikia umeitwa huja na ndugu zake. Alimtaja Fomba wa mtaa wa juu, aliyesingizia homa akiwa ndani ya unga ili asikose kazi ya Gabon, na makaburi ya watoto wake yako pale, kila mtu anayajua.

Edwige akasema hizo ni hadithi. Labda ni hadithi. Sidonie alikuwa amesoma, alijua malaria inaletwa na nini. Lakini nje ya dirisha watoto wadogo wa ukoo walikuwa wakirukaruka kamba, na alijaribu kuchagua ugonjwa, ini au figo, na kila alioutaja moyoni uliruka ukakaa juu ya mmoja wao. Ndipo baba yake akaingia. Alikuwa amesikia. Akavua kofia, akasema kwa haraka, kama anaiba, kwamba yeye hajasikia kitu, na kwamba gari liko chini, na kwamba njia ya nyuma ya migomba haina mtu saa hizi. Akatoka.

Sidonie alikaa pale mpaka uji wa Edwige ukapoa. Hakuondoka, wala hakusema anaumwa. Aliomba simu, akawaandikia wafadhili ukweli. Aliwaeleza kwa Kijerumani safi, kila kitu mahali pake, kwamba bibi yake amekufa na sasa yeye ndiye bibi yake, na kwamba mwili wake ni mzima kabisa, ila hauruhusiwi kuvuka barabara. Edwige aliisoma ile barua mara mbili. Alisema hajapata kuona Kijerumani kizuri namna hiyo, hata cha walimu wao. Kisha akageukia ukuta.

Jibu lilikuja kwa heshima. Walimpa pole ya msiba. Walisema waliisoma barua yake kwa kuguswa, lakini sababu hiyo haimo katika sababu zao, na nafasi imepewa anayefuata. Anayefuata alikuwa Edwige. Sidonie alimpa lile koti zito; begi lilibaki, Odette akaweka humo mahindi ya mbegu.

Watu husema mtu huzoea. Waongo. Mtu huchoka, na kuchoka kwa mbali hufanana na kuzoea.

Alipotolewa ndani alidhani atarudi chuoni amalize. Lakini aliyeketi lazima aonekane kwenye kila msiba wa ukoo, na ukoo wetu hufa Jumamosi zote. Siku zilizobaki zilikuwa za kesi: fulani kampiga mkewe, fulani kahamisha mpaka, mtoto wa fulani haongei, Mama njoo umwage mafuta. Mitihani ilipita akiwa mazishini. Mwenye nyumba wa bondeni alimletea vikaratasi vyake katika mfuko wa sukari, akapiga goti naye, akaomba radhi kwa habari ya padri. Sidonie alivibandika tena, kwenye mlango wa nyumba ya marehemu, kwenye chungu, kwenye kioo. Moshi ukavitia masizi. Mwaka mmoja vikasomeka, mwaka mwingine nusu, kisha akavitumia kuwashia moto, kimoja kimoja, na mara ya mwisho hakuangalia ni neno gani.

Wanaume walimchumbia, wakakimbia walipojua kwamba mke ndiye watakayempigia magoti.

Edwige alirudi kumtembelea akiwa na mume Mjerumani, kijana mpole mwenye ngozi iliyoungua jua. Mkalimani kweli sasa, Edwige, sauti yake imenyooka. Yule kijana alimsalimia Sidonie kwa Kijerumani, polepole, akamwambia amesikia mengi juu yake. Sidonie alielewa. Alielewa kila neno. Akafungua mdomo kujibu, na humo ndani mlikuwa kama ghala baada ya panya. Mwishowe akasema kwa lugha ya nyumbani, karibuni, kaeni, chakula kinakuja.

Na Edwige akamtafsiria mumewe.

Mashahidi walikuwa wakimsumbua kwa jambo moja. Aliyeketi naye lazima amtaje wa kuketi baada yake. Sidonie aliwajibu kwamba yeye bado kijana, na Mzee Zebaze akawa anasema kifo hakiombi cheti cha kuzaliwa. Aliwapiga chenga mwaka baada ya mwaka. Alikuwa ameapa hatamtaja mtu, kiti kife na yeye, mafuvu yalambwe na mchwa.

Mwaka huu hakuweza kuwapiga chenga tena. Daktari wa Dschang alimshika titi la kushoto, akalibonyeza hapa na hapa, kisha akaenda kunawa mikono. Ule ugonjwa aliokataa kuutaja ulikuja bila kutajwa, ukampita kila mtu, ukamchagua.

Katika siku hizo hizo akaja Ornella, binti wa kaka yake mkubwa. Anasoma Kichina chuoni, siku hizi ndicho wanachosoma, na amepata ufadhili wa kwenda huko huko Uchina. Alipanda mlima amevaa viatu vyeupe, jogoo kwapani, uso unang'aa. Alipiga goti akamwita Bibi, ingawa hawajapishana hata miaka kumi na mitano, akatoa chumvi kwenye jani la mgomba. Fundo limezungushwa mara mbili, ncha imefichwa.

Sidonie alilitazama lile fundo. Akasikia kinywa chake mwenyewe kikiuliza, "Nani kakutuma?"

"Hakuna, Bibi. Nimekuja mwenyewe."

"Sema umetumwa."

Ornella akatabasamu, akidhani ni mtihani wa wakubwa.

"Umetumwa na Odette. Sema hivyo. Neno moja tu, mwanangu, sema."

"Hapana, Bibi," Ornella akasema, kwa adabu zote alizofunzwa. "Ni moyo wangu."

Alimwingiza katika nyumba ndogo. Ornella alimwaga mafuta, akanyunyiza chumvi, mkono wake umetulia. Kwenye pembe ya paa palikuwa panavuja, akakisogeza chungu cha Makamte mahali pakavu bila kuambiwa. Sidonie akatafuna mbegu za tunda jekundu, akamtemea kifuani na viganjani. Akamwombea pawe laini, kisimponyoke, aende, arudi. Na alipoanza kuyasema hayo akagundua kwamba hawezi kumtazama usoni. Akafumba macho. Kwa miaka yote alikuwa amemchukia yule mwanamke kwa kumbariki na kumfunga kwa mkono ule ule, na sasa, ndani ya giza la kope zake, hakuwa na wa kumchukia.

Msichana alipoondoka, Mzee Zebaze na Mama Manfouo walikuwa wamekaa uani, wameitwa tangu asubuhi. Sidonie akaketi kwenye kigoda, mkono umekandamiza ubavu wa kushoto.

"Prudence," akasema. "Wa Douala. Anayeuza nywele."

Mama Manfouo akamtazama Zebaze. Zebaze akauliza kwa upole alikuja lini mara ya mwisho huyo Prudence. Sidonie akasema hajawahi kuja. Zebaze akauliza, basi mvua ikivuja juu ya wakubwa, nani atasogeza chungu? Akauliza, na wewe ukiwa humo ndani ya chungu, nani atakusogeza? Hakuuliza kwa ukali. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka mingi na hakutaka kulowa.

Huko chini njiani viatu vyeupe bado vilionekana, vikirukaruka kutoka jiwe hadi jiwe. Sidonie alivitazama mpaka vikafika kwenye migomba. Alimfikiria Justine ndani ya fulana yake ya zamani. Aliwafikiria wote waliotuma picha.

Kisha akalitaja jina, taratibu, likaingia katika matumbo mawili.

Mama Manfouo alifuta macho kwa ncha ya kanga. Akauliza kama ana hakika, maana neno hili likishatoka halirudi.

"Alikuja mwenyewe," Sidonie akasema.